Kuchemsha, kuchuja, vidonge au mionzi: ubebe njia ipi ya kusafisha maji safarini?

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na mtu anayetembea milimani au porini akiwa na shanta mgongoni huhitaji lita tatu hadi nne kwa siku kwa kunywa na kupikia, na zaidi ya hapo jua linapokuwa kali. Kwa safari ya siku tatu, maji peke yake yangefika kilo kumi kabla hajapakia hema, chakula wala nguo za baridi, na mzigo wa namna hiyo ni wachache wanaouweza. Ndiyo maana karibu kila anayelala kambini zaidi ya usiku mmoja hutegemea maji atakayoyakuta njiani: kijito, chemchemi, ziwa, theluji ya kuyeyusha, na wakati mwingine dimbwi ambalo ng'ombe wamelitangulia.

Swali la kifaa gani kinafaa kuyasafisha maji hayo huulizwa mara nyingi kana kwamba lina jibu moja, na wauzaji hulijibu kwa kusifu kifaa walicho nacho. Kwa maoni yangu, mahali pa kuanzia ni maji yenyewe: yanatoka wapi, nani anaishi upande mto unakotoka, ni maangavu au ya tope, na usiku kutakuwa na baridi kiasi gani. Mtu akishayajua hayo manne, kazi ya kuchagua inabaki nyepesi.

Unajikinga na nini hasa

Viumbe vinavyoleta magonjwa ya maji vimegawanyika katika makundi matatu, na ukubwa wao ndio unaoamua mambo mengi yanayofuata. Kundi la kwanza ni protozoa, yaani viumbe vya seli moja, kama vile Giardia, Cryptosporidium na amiba. Hawa ni wakubwa kwa kulinganisha: Giardia akiwa ndani ya ganda lake hufikia takriban mikroni 8 hadi 12, na Cryptosporidium mikroni 4 hadi 6, mikroni moja ikiwa sehemu moja ya elfu ya milimita. Kundi la pili ni bakteria, wakiwemo wale wa kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu, ambao kwa kawaida wana urefu wa nusu mikroni hadi mikroni chache. Kundi la tatu ni virusi, kama vile rotavirusi, norovirusi na virusi vya homa ya ini aina A, ambavyo ni vidogo kuliko sehemu moja ya kumi ya mikroni.

Ukubwa si jambo pekee. Cryptosporidium hubebwa majini ndani ya ganda gumu ambalo klorini ya kawaida, ile dawa ya kuua vijidudu majini, hailidhuru, ilhali virusi, pamoja na udogo wao, huuawa na klorini hiyohiyo kwa urahisi. Kwa hiyo kiumbe kinachonaswa kirahisi na chujio ndicho kinachoishinda dawa, na kinachopenya chujio ndicho kinachoshindwa na dawa. Msomaji aliweke jambo hili akilini, kwa sababu pendekezo langu kuu litasimama juu yake.

Jambo la pili la kukumbuka ni chanzo. Virusi vinavyomdhuru binadamu kupitia maji hutoka hasa katika kinyesi cha binadamu mwenzake, kwa hiyo kijito kinachoshuka kutoka mahali pasipo na makazi wala kambi hakina hatari kubwa ya virusi. Hata hivyo hakiwi salama kwa sababu hiyo tu, maana wanyama wa porini na mifugo hueneza Giardia, Cryptosporidium na bakteria wa aina kadhaa. Wapo watakaokwambia kwamba wamekunywa maji ya mto fulani miaka yote bila kuugua. Huenda wanasema kweli, lakini dalili za Giardia huchukua wiki moja hadi tatu kujitokeza, na mtu anayeharisha akiwa nyumbani wiki mbili baada ya safari ni nadra kukilaumu kile kijito kizuri alichopiga picha.

Kuchemsha

Kwa uwezo wa kuua vijidudu, hakuna njia inayoizidi hii. Moto huua protozoa, bakteria na virusi, hauhitaji kifaa cha ziada kwa mtu ambaye tayari amebeba jiko na sufuria, wala hauchagui maji maangavu na ya tope, ingawa tope litabaki kuwa tope. Kanuni inayotolewa na mamlaka za afya ni kuyaacha maji yachemke kwa nguvu kwa dakika moja, na kwa dakika tatu ukiwa juu ya mwinuko wa takriban mita 2,000. Sababu ya kuongeza muda ni kwamba maji huchemka kwenye joto dogo zaidi kadiri mtu anavyopanda: kwenye mita 3,000 huchemka karibu nyuzi 90 badala ya 100. Joto hilo bado linatosha kabisa kuua vijidudu, na hizo dakika za ziada ni tahadhari. Kinachotakiwa ni maji yanayotokota na kupinduka sufuriani. Mvuke mwepesi na vipovu vidogo vinavyoshikamana na kitako bado si kuchemka.

Udhaifu wa njia hii ni nishati na muda. Jiko dogo la gesi linalotumika katika hali tulivu hula takriban gramu 10 hadi 20 za gesi kwa kila lita, na upepo huweza kuizidisha hesabu hiyo maradufu. Watu wawili wanaotaka kuchemsha maji yao yote ya kunywa kwa siku nne wataona mara moja kwamba kikopo kimoja cha gesi hakiwatoshi. Baridi nayo huongeza tatizo, kwa kuwa gesi ya butani ya kawaida huacha kugeuka mvuke joto linapokaribia sifuri. Anayekwenda milimani atafute vikopo vyenye mchanganyiko wa isobutani na propani. Kisha kuna kusubiri maji yapoe, jambo ambalo mchana njiani, watu wakiwa na kiu na jua likiwa utosini, halivumiliki.

Kwa sababu hizo ninaiona kuchemsha kuwa njia ya kambini na si ya njiani. Jioni jiko linawashwa kwa vyovyote vile, na maji ya chai au ya supu yatakayochemka vizuri hayana haja ya kuchujwa kwanza, kwa hiyo mtu anaokoa uhai wa chujio lake na idadi ya vidonge vyake. Katika usiku wa baridi, maji yaliyochemshwa yanaweza kumiminwa katika chupa inayostahimili joto, kifuniko kikakazwa barabara, chupa ikavishwa soksi na kuingizwa ndani ya mfuko wa kulalia: miguu inapata joto hadi usiku wa manane, na asubuhi maji ya kunywa yapo tayari na hayajaganda. Onyo moja ambalo halizoeleki vya kutosha: jiko la aina yoyote lisiwashwe ndani ya hema lililofungwa, hata mvua ikinyesha. Hewa ya kaboni monoksidi haina harufu, na imewaua watu waliolala wakidhani wanajipasha moto.

Kuchuja

Machujio mengi ya wasafiri wa miguu siku hizi hutumia mirija myembamba sana yenye kuta zilizojaa matundu ya mikroni 0.1 au 0.2. Maji hulazimishwa kupita katika kuta hizo, protozoa na bakteria wakabaki nje. Virusi hupita. Yapo pia machujio ya kauri, ambayo ni mazito lakini yanaweza kusuguliwa kwa brashi yakarudi kufanya kazi kila yanapoziba, na yapo machache yenye matundu ya mikroni 0.02 au vichujio maalumu vinavyonasa virusi, ambayo kwa kawaida ni makubwa zaidi, ghali zaidi na huziba upesi. Mtu akiona neno virusi kwenye kasha, asome kwa makini kama limeandikwa kuwa vinaondolewa au limetajwa tu katika maelezo ya jumla.

Katika matumizi, tofauti kubwa imo katika namna maji yanavyosukumwa. Chujio la kukamua ndilo jepesi kuliko yote, mara nyingi chini ya gramu 100: unajaza maji machafu katika mfuko laini, unafunga chujio mdomoni mwa mfuko, unaukamua, na maji safi yanatoka upande wa pili. Linamfaa mtu mmoja au wawili, na likiwa jipya hutoa lita moja kwa dakika moja au hata chini ya hapo. Mfuko ndio hupasuka kwanza, hasa kwenye kona, kwa hiyo nashauri kubeba wa akiba. Chujio la pampu ni zito zaidi na lina sehemu nyingi zinazoweza kuharibika, lakini mrija wake mrefu unafika kwenye maji ya kina kifupi ambayo mfuko hauwezi kuyachota, kama vile tundu kwenye mwamba au kijito kinachotiririka kwa unene wa kidole. Chujio la kuning'iniza halihitaji nguvu yoyote: mfuko mkubwa wa maji machafu unatundikwa tawini, maji yanashuka yenyewe kupitia chujio hadi kwenye mfuko wa chini, na wakati huo watu wanasimamisha hema. Kwa kundi la watu wanne na zaidi sioni sababu ya kuchagua jingine.

Faida ya chujio ni kwamba maji yananyweka papo hapo na hayana ladha ya dawa. Katika siku ndefu ya joto faida hii ina uzito kuliko inavyoonekana, kwa sababu mtu anayeweza kunywa kila anapovuka kijito hubeba lita moja badala ya tatu, naye hunywa zaidi.

Hasara zake ni mbili, na ya kwanza ndiyo inayowapotosha wengi. Chujio la mirija likishatumika mara moja hubaki na maji ndani hata likitikiswa sana. Maji hayo yakiganda hutanuka na kuipasua mirija, na hakuna kinachoonekana kwa macho: chujio lina sura ileile, uzito uleule, na maji yanatoka pengine kwa kasi nzuri zaidi kuliko jana, kwa kuwa sasa yanapita penye ufa. Katika usiku wowote ambao joto linaweza kushuka hadi sifuri, chujio liingie ndani ya mfuko wa kulalia likiwa limefungwa katika mfuko wa plastiki, na mchana wa baridi likae katika mfuko wa ndani wa koti. Ukilikuta nje ya hema asubuhi na nyasi zina barafu, lihesabu kuwa limekufa. Baadhi ya watengenezaji wameeleza jaribio la kupuliza hewa ili kuona kama mirija ni mizima. Pasipo jaribio hilo, kubahatisha ni kujidanganya. Chujio la kauri nalo hupasuka likianguka kwenye jiwe, lakini hapo angalau mtu anajua limeanguka.

Hasara ya pili ni kuziba. Tope laini hujaza matundu, na chujio lililotoa lita kwa dakika moja siku ya kwanza hudai dakika tano siku ya nne, mtu akilikamua hadi mishipa ya mkono imsimame. Dawa yake ni kulisafisha kwa kusukuma maji safi kinyumenyume, kutoka upande wa kunywea kwenda upande wa kuchotea, kwa bomba la sindano au chupa inayokuja nalo. Wengi huliacha nyumbani bomba hilo kwa kuona ni dogo na halina maana. Lisafishwe kila siku kabla halijaziba, kwa sababu tope lililokauka ndani ya mirija halitoki kirahisi.

Liko pia suala la mkono. Mfuko wa maji machafu na chupa ya maji safi vikikaa mfuko mmoja wa shanta, au tone likitoka kwenye mfuko likadondokea mdomo wa chupa, kazi yote ya kuchuja imepotea. Wanaojua hutia alama ya utepe mwekundu kwenye kila kitu cha upande mchafu na hawavichanganyi hata wakiwa wamechoka.

Vidonge na dawa za maji

Vidonge ni vyepesi kuliko njia nyingine zote. Vidonge thelathini havifikii uzito wa peremende chache, havina betri, haviharibiwi na baridi na havizibi. Kila shanta inastahili kuwa navyo, hata kama havitatumika. Hata hivyo si vyote vinafanana.

Vidonge vya klorini ya kawaida hufanya kazi kwa takriban dakika 30 katika maji maangavu yasiyo baridi sana, vikaua bakteria na virusi, na Giardia kwa kiasi. Kwa Cryptosporidium havitegemewi. Klorini dioksidi ni kitu kingine ingawa jina linakaribiana: huua pia Cryptosporidium, lakini kwa muda wa hadi saa nne, hasa maji yakiwa ya baridi. Ayodini ilikuwa maarufu zamani na bado inauzwa katika baadhi ya nchi. Haiwafai wajawazito, watu wenye ugonjwa wa tezi ya shingo wala wenye mzio wake, haifai kutumiwa kwa wiki nyingi mfululizo, na haimwezi Cryptosporidium. Sioni sababu ya kuichagua pale klorini dioksidi inapopatikana. Kwa anayekosa vyote hivyo, dawa ya kawaida ya kufulia nguo nyeupe yenye klorini ya asilimia 5 hadi 9, isiyo na manukato, rangi wala sabuni, hutumika kwa matone mawili kwa kila lita ya maji maangavu, na kusubiri dakika 30. Maji yakiwa na ukungu au baridi kali, matone huzidishwa mara mbili.

Dawa hizi huharibiwa na uchafu wa majani na udongo, kwa sababu klorini hujimaliza kwa uchafu kabla haijawafikia vijidudu, na hupungua kasi katika maji baridi. Kwa hiyo kidonge kilichotumbukizwa katika maji ya theluji na kusubiriwa dakika kumi, kama inavyofanywa na wenye haraka, hakijafanya kazi iliyokusudiwa.

Namna ya kukitumia inahitaji uangalifu mmoja ambao maelekezo mengi huutaja kwa maandishi madogo. Chupa inapochovywa mtoni, maji machafu huingia pia katika nyuzi za mdomo, pale kifuniko kinapojifungia, na midomo ya mnywaji hugusa hapohapo. Baada ya kidonge kuyeyuka, kifuniko kilegezwe kidogo, chupa ipinduliwe juu chini, ibanwe hadi maji yenye dawa yavujie katika nyuzi zile na kuzilowesha pande zote, kisha kifungwe na saa ianze kuhesabiwa. Ladha inayochukiza inaweza kuondolewa kwa vitamini C kidogo, mradi itiwe baada ya muda wa dawa kwisha, kwa sababu ikitiwa mapema huizima dawa yenyewe.

Mionzi: ya taa na ya jua

Taa ya mkononi ya mionzi ya urujuanimno huzamishwa katika lita moja ya maji na kuzungushwa kwa takriban dakika moja na nusu. Mionzi hiyo huvuruga chembe za urithi za vijidudu vya makundi yote matatu, visiweze kuzaliana, na haiachi ladha yoyote. Kwa maelezo hayo ingeonekana kuwa imeshinda mashindano, na kwa msafiri anayelala katika nyumba za wageni na kujaza chupa kwenye bomba asiloliamini, ni chaguo zuri kweli. Porini ninaitilia shaka. Inahitaji maji maangavu, kwa kuwa kijidudu kilichojificha nyuma ya chembe ya udongo hakiguswi na mwanga. Inahitaji betri, ambazo hunyong'onyea katika baridi. Ina taa ya kioo inayoweza kuvunjika, na ikigoma siku ya pili hakuna fundi. Anayeipenda aibebe, pamoja na vidonge.

Mionzi ya jua haina gharama. Njia hii ilichunguzwa na Aftim Acra na wenzake katika Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut mwanzoni mwa miaka ya 1980, na tangu 1991 taasisi ya utafiti wa maji ya Eawag ya Uswisi ikaiendeleza kwa ajili ya kaya. Chupa ya plastiki angavu isiyozidi lita mbili hujazwa maji na kulazwa juani kwa saa sita, au siku mbili mfululizo ikiwa anga imefunikwa na mawingu. Kipimo cha uangavu ni rahisi: isimamishe chupa juu ya kichwa cha habari cha gazeti, tazama kutoka mdomoni kuelekea chini, na kama herufi hazisomeki maji hayo hayafai kwa njia hii mpaka yachujwe. Kwa mtu anayetembea kila siku saa hizo sita hazipatikani, lakini kwa kambi ya kudumu siku kadhaa, au kwa aliyepotelewa na vifaa, ni jambo la kulijua.

Maji ya tope kwanza yatulizwe

Hakuna njia kati ya hizi isiyonufaika maji yakitulizwa. Yaachwe katika sufuria au ndoo ya kukunja kwa saa moja au usiku kucha, kisha maji ya juu yamiminwe taratibu na kupitishwa katika kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara kadhaa. Chembe kidogo ya shabu, ile chumvi ya madini ya kutuliza tope, ikikorogwa na kuachwa, huharakisha tope kushuka. Kitambaa hakisafishi maji yakawa salama. Kinarahisisha kazi ya kitakachofuata.

Basi uchague nini

Kwa safari nyingi za miguu za siku mbili hadi wiki moja, pendekezo langu ni chujio la kukamua pamoja na vidonge vya klorini dioksidi, na jiko la jioni likiwa la tatu bila kuongezewa mzigo. Katika vijito vya juu visivyo na makazi, chujio peke yake linatosha. Mnaposhuka katika mabonde yenye vijiji, mashamba au kambi zenye watu wengi, maji yachujwe kwanza kisha yatiwe kidonge. Hapo faida ya kuviunganisha inaonekana wazi: Cryptosporidium ameshaondolewa na chujio, kwa hiyo hakuna haja ya kusubiri saa nne, na dakika 30 zinatosha kwa virusi vilivyopenya. Maji yaliyochujwa pia hayana uchafu wa kuimaliza dawa. Chujio likiganda au kupotea, vidonge vinabeba safari iliyobaki kwa kusubiri muda mrefu zaidi.

Katika milima mirefu yenye baridi kali ninageuza mpangilio. Huko maji mengi hupatikana kwa kuyeyusha theluji, jiko linawaka kwa hali yoyote, na chujio linakuwa mzigo wa kulindwa usiku na mchana. Heri kubeba gesi ya ziada na vidonge, na kuliacha chujio nyumbani. Theluji iyeyushwe kwa kuanza na maji kidogo sufuriani, la sivyo kitako kinaungua na maji yote yanachukua harufu ya moshi.

Kundi kubwa lenye watoto linafaa kubeba chujio la kuning'iniza, kwa sababu watoto hawasubiri kidonge, na mtu mzima anayekamua mifuko kwa ajili ya watu wanane atachoka na kuanza kulegeza taratibu. Kwa matembezi ya siku moja, jaza maji nyumbani na utie ukanda mmoja wa vidonge katika mfuko wa dharura.

Yasiyotibiwa na kifaa chochote

Hakuna mojawapo ya njia hizi inayoondoa chumvi ya bahari, metali nzito, wala mabaki ya migodi. Kaboni iliyomo katika baadhi ya machujio hupunguza harufu na sehemu ya dawa za mashambani, isitegemewe zaidi ya hapo. Ziwa lenye utando wa kijani unaofanana na rangi iliyomwagika liachwe kabisa, kwa sababu sumu ya mwani huo haiuawi kwa kuchemshwa. Katika maeneo yenye kichocho, hatari haiko katika kunywa pekee: mabuu hupenya ngozi ya mtu anayeingia majini kuchota au kuoga, kwa hiyo chota ukiwa umesimama pakavu, na maji ya kuoga yachemshwe au yakae katika chombo siku mbili kabla ya kutumika.

Mikono pia ihesabiwe. Choo kichimbwe angalau mita 60 kutoka mtoni, kina cha sentimita 15 hadi 20, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kushika chakula au mdomo wa chupa. Jeli ya spiriti inasaidia, lakini haiwawezi vizuri norovirusi na Cryptosporidium, na magonjwa mengi ya tumbo yanayosingiziwa mto hutokea katika bakuli la kushirikiana.

Linabaki swali la aliyeishiwa kila kitu: chujio limeganda, vidonge vimelowa, gesi imekwisha, na kituo kiko mwendo wa siku nzima chini ya jua. Huyo na anywe. Upungufu wa maji mwilini huchanganya akili na kuangusha mtu ndani ya saa chache za joto kali, ilhali Giardia hungoja wiki. Achague maji maangavu kuliko ya tope, yanayotiririka kuliko yaliyosimama, kutoka kijito kidogo cha pembeni kuliko mto mkuu uliopita kijijini, ayapitishe katika kitambaa, kisha aendelee kushuka. Akiharisha baadaye, hata ikiwa ni wiki tatu tangu arudi, amweleze daktari wazi kwamba alikunywa maji ya porini na lini, ili apimwe choo kwa ajili ya vimelea hivyo hasa, kwa sababu Cryptosporidium kwa kawaida hatafutwi katika kipimo cha choo cha kila siku mpaka daktari aombe.